Kusafisha filta ya maji nyumbani: usiishie kwa mshumaa, fungua hadi mfereji

Hii ni ya watu wa Nairobi wenye wako na ile filta ya ndoo mbili, moja imekalia ingine, mishumaa myeupe ya udongo inayochuja maji ndani ya ile ya juu na mfereji mdogo kwa ile ya chini. Najua wengi wetu tunaisafisha. Shida ni kwamba tunasafisha nusu. Tunatoa mshumaa tunausugua hadi unakuwa mweupe kama siku ulitoka dukani, tunarudisha, roho inatulia, na ile ndoo ya chini hatuigusi kwa sababu maji yaliyo ndani yanaonekana masafi, sasa utaosha nini.

Mimi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Kisha binti yangu akaanza kuharisha, siku ya kwanza, ya pili, ya nne bado, tukampeleka hospitali, daktari akauliza mnakunywa maji gani na mimi nikajibu bila kusita, sisi huchuja. Wiki hiyo hiyo mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu akapita kutuangalia, akaniambia, "Mama, hebu fungua hiyo filta tuione pamoja." Nikafungua ya juu, safi. Akasema hapana, ya chini. Akaniambia nipitishe kidole kwa sakafu yake. Ilikuwa inateleza kama bamia. Tukafungua mfereji, ndani ya lile shimo la maji kulikuwa na kitu cheusi kama masizi. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilimgonjesha mtoto, anaweza kuwa alikunywa kitu kingine huko shuleni, lakini maji yake yote ya nyumbani yalikuwa yanapita kwa hilo shimo kabla yafike kwa kikombe, na hiyo picha haijawahi kunitoka.

Kwa hivyo kitu chenye nataka ushike, hata ukisahau mengine yote, ni hiki. Filta iko na upande mchafu na upande safi. Upande mchafu ni ndoo ya juu na ngozi ya nje ya mshumaa. Upande safi ni ndani ya mshumaa, lile shina lake linaloshuka chini, ndoo ya chini, na mfereji. Kusafisha filta ni kuhakikisha hizo pande mbili hazikutani, hata kwa sponji, hata kwa mkono wako. Ukisugua mshumaa na sponji fulani afu uchukue sponji hiyo hiyo uoshe ndoo ya chini, umebeba uchafu wote wenye mshumaa ulizuia wiki tatu ukaupaka penye maji ya kunywa yanakaa. Hapo heri hungeosha.

Kabla ya kuosha, angalia maji unayoweka

Maji mengi ya kanjo yanatoka mabwawa ya mbali, Ndakaini kule Murang'a na Sasumua kule Nyandarua, na yanasafishwa na kutiwa klorini kabla yaletwe mjini. Yakitoka huko hayana neno. Lakini si unajua mgao, kuna mitaa yanakuja siku mbili kwa wiki, kuna mitaa siku moja usiku wa manane, na hizo siku zingine paipu imekaa tupu, na paipu tupu ikiwa na ufa mahali inavuta chochote kilicho kando yake, matope, maji ya mtaro, chochote. Ndio maana siku yakirudi yale ya kwanza yanakuja rangi ya chai ya rangi. Afu yanaingia tangi la chini la ploti, yanapigwa pampu hadi tangi la juu paani, na hilo tangi uliza keateka lilioshwa lini. Kufikia jikoni kwako klorini imeshapungua ama imeisha. Na hapo sijagusa maji ya bauza na ya mkokoteni, mitungi yenye hujui ilibeba nini jana.

Sasa hiyo yote ukiimimina moja kwa moja kwa filta, mshumaa utaziba ndani ya siku chache, utausugua kila saa, na kila ukisugua unapunguza udongo wake, kwa hivyo unakula pesa yako. Fanya hivi. Siku maji yamerudi, fungua mfereji yajaze ndoo za kupiga deki na za choo kwanza, hadi uone yamekuwa meupe. Yale ya kunywa yaweke kwa ndoo yenye kifuniko yatulie usiku mzima. Asubuhi yamimine polepole kwa filta kupitia kitambaa cheupe cha pamba ulichokunja mara nne, na yale ya chini kabisa yenye mchanga uache, usiwe na tamaa nayo, mwagia maua. Hicho kitambaa kifue na ukianike juani kila ukimaliza. Tangu nianze hivi mishumaa yangu inakaa hata wiki tatu kabla maji kuanza kushuka polepole, na hapo mbeleni ilikuwa wiki moja na siku.

Vitu vya kutafuta

Brashi laini mbili, hata mswaki laini mpya ni sawa, moja ifunge uzi mwekundu kwa mpini iwe ya upande mchafu milele. Sponji mbili, hivyo hivyo. Karai mbili. Sabuni ya vyombo. Jiki ile ya kawaida isiyo na rangi wala marashi, ile imeandikwa asilimia 3.5. Na kama lita tano za maji yaliyochemshwa yakapoa, ama yaliyochujwa, weka kando siku moja kabla, kwa sababu ukifungua filta utakuwa huna maji safi ya kusuuzia na watu wengi hapo ndipo wanajipata wakisuuza upande safi na maji ya mfereji, kazi bure.

Steelwool iache mbali kabisa, na maji moto pia.

Hatua zenyewe

Chagua siku yenye hauna haraka. Ukiwa peke yako bila kukimbizwa ni kama saa moja na nusu, lakini nusu ya huo muda ni kungoja tu. Acha ndoo ya juu iishe maji yenyewe usiku, usiinue ndoo iliyojaa, hizo za plastiki zinapinda na mishumaa inagongana.

Hatua ya kwanza, osha mikono na sabuni hadi kwa viwiko, panguza meza, toa pete. Watoto waambie jikoni pamefungwa kwa muda.

Hatua ya pili, anza na upande safi. Najua watu huanza na mshumaa kwa sababu ndio unaonekana, lakini fikiria, saa hii mikono yako ndio iko safi zaidi kuliko itakavyokuwa baadaye, sasa kwa nini uitumie kwa uchafu kwanza? Inua ndoo ya juu na mishumaa yake uiweke kwa karai, shina zisiguse chini ya karai kama unaweza, mimi huiegemeza kwa sufuria pana. Ndoo ya chini mwaga maji yaliyobaki kwa ndoo ya kuoshea vyombo. Kisha fungua mfereji. Ndani ya ndoo utapata nati inayoushika, ifungue na mkono, na kutakuwa na washa mbili za mpira, moja ndani moja nje. Ziangalie vizuri ziko namna gani, piga picha na simu kama hujazoea, kwa sababu ukizirudisha vibaya filta italia matone usiku kucha. Mfereji wenyewe ukiwa ni wa aina inayofunguka, fungua kile kichwa cha juu, ukiwa haufunguki sukuma maji ya sabuni ndani na uchokonoe na vijiti vya pamba vya masikio hadi kijiti kitoke kikiwa cheupe. Hapo ndipo utashangaa. Mdomo wa mfereji ndio unashikwa na mikono ya kila mtu ndani ya nyumba, mtoto ametoka choo ananyonya maji hapo moja kwa moja, nzi anatua, na hakuna mtu huwahi kuuosha.

Osha ndoo ya chini ndani na nje, na kifuniko chake kama iko nacho, na sponji ya upande safi na sabuni kidogo. Kona ya pale sakafu inakutana na ukuta ndiyo utelezi hupenda, na pale kwa shimo la mfereji. Ule utelezi ni bakteria zimejijengea nyumba, na kusuuza peke yake hakuutoi, lazima usugue. Sponji ya waya usitumie kwa plastiki kwa sababu mikwaruzo inakuwa makao mapya.

Rudisha mfereji na washa zake, kisha tengeneza dawa, maji lita kumi na vijiko viwili vikubwa vya ile jiki ya asilimia 3.5. Mimina ndani ya ndoo ijae penye maji ya kunywa hufika, fungua mfereji ipite kidogo ili na shimo la ndani lipate dawa, funga, acha nusu saa. Ndoo yako ikiwa ya chuma cha pua usipitishe huo muda, na kwa vyovyote usiiache ilale na jiki. Na tafadhali sana jiki usiichanganye na siki, ndimu ama dawa ya kuosha choo, inatoa hewa ya sumu, na jikoni zetu ni ndogo na dirisha ni moja.

Hatua ya tatu, wakati jiki inafanya kazi yake, ingia kwa mshumaa. Umeshikiliwa na nati chini ya ndoo ya juu. Shika ile kitako cha plastiki cha mshumaa na mkono mmoja, zungusha nati na ule mwingine. Usishike mwili wa udongo ukauzungusha, hapo ndipo gundi inayoshika udongo na plastiki huachana, inaachia ufa mwembamba huwezi kuuona, na kuanzia hiyo siku maji machafu yanapita kando kama hakuna filta.

Shina la mshumaa lifunge na kipande cha plastiki safi na raba bendi. Hii nilifundishwa na yule mama mhudumu na sijaona mtu mwingine akiifanya, na ndiyo naiamini kuliko zote, kwa sababu ukisugua mshumaa maji machafu yanateremka hadi kwa shina, yanaingia ndani, na ndani ya mshumaa huwezi kuosha kamwe. Shika mshumaa umelala, shina liwe limeinuka kidogo, na usugue chini ya maji yanayotiririka kidogo, kutoka karibu na shina kwenda kwa kofia, ili uchafu ukimbie mbali na shina. Brashi laini, mkono mwepesi, pande zote. Hakuna sabuni. Sabuni inaingia kwa vishimo vya udongo na utakunywa maji ya povu wiki nzima. Unasugua hadi ile rangi ya kahawia itoke na udongo uonekane, madoa madogo madogo yaliyoingia ndani achana nayo, huo sio uchafu wa kukuua, na ukiyakimbiza utamaliza udongo.

Ujue unachosugua ni kitu cha maana. Vishimo vya mshumaa mzuri ni kama mikroni 0.2 hadi 0.5, na unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Bakteria ya kipindupindu na ya taifodi haziwezi kupita hapo kirahisi, na amiba iliyojifunga ndani ya ganda lake ni kubwa hata zaidi. Na ndani ya mishumaa mingi kuna mkaa maalum, huo ndio unaondoa harufu na ladha ya klorini. Mkaa hauoshwi, unachoka, na ukichoka ni kubadilisha mshumaa mzima.

Hatua ya nne, ndoo ya juu. Sponji ya uzi mwekundu, sabuni, suuza mara tatu nne mpaka povu liishe kabisa, maana lililobaki litashuka kwa mshumaa. Hapa maji ya kawaida ya mfereji yanatosha, huu ni upande mchafu.

Hatua ya tano, osha mikono tena. Usiruke. Mwaga ile jiki kupitia mfereji, hiyo maji ipeleke choo inasafisha huko pia, halafu suuza ndoo ya chini mara mbili na yale maji uliyoweka kando, yapitie mfereji. Ipindue juu ya rafu safi ijichuruze. Kitambaa cha jikoni kisiguse ndani yake, hicho kitambaa kimepanguza meza, nyama na pua ya mtoto.

Hatua ya sita, rudisha. Suuza shina la mshumaa na maji safi baada ya kutoa ile plastiki, weka washa, ingiza, kaza nati na vidole. Na vidole tu. Spana ama pulaizi itavunja kitako. Jaza maji ndoo ya juu, acha yashuke, na hayo ya kwanza usinywe, yatumie kwa vyombo. Mshumaa ukiwa mpya kabisa mwaga hata mara mbili tatu, maji ya kwanza huwa na vumbi jeupe na jeusi la mkaa.

Kisha maji ya juu yakiwa yamebaki kidogo, pangusa chini ya ndoo ya juu ikauke, iinue uangalie maji yanatoka wapi. Yanafaa kutoka kwa ncha ya shina peke yake. Tone likianguka kutoka kwa nati ama ukingo wa washa, hilo ni maji machafu yamepita bila kuchujwa na limeingia kwa maji yako ya kunywa. Toa, geuza washa, ama nunua mpya, ni kitu cha bei ndogo sana na maduka ya vyombo kule Kamukunji hawakosi.

Mara ngapi

Ndoo ya chini na mfereji, kila wiki, hata kama mshumaa hauhitaji. Hiyo ya kila wiki sio lazima ufungue kila kitu, sabuni, sugua, suuza, dakika kumi. Jiki na kufungua mfereji mara moja kwa mwezi. Mshumaa usugue ukiona umepunguza mwendo. Mshumaa mzuri hutoa kama lita moja mpaka mbili kwa saa, so ukijaza jioni na asubuhi bado ndoo ya juu imejaa nusu, hiyo ni dalili. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei utasugua mara nyingi kuliko Januari, usishangae.

Na kuna ile dalili ya kinyume yenye watu huifurahia na haifai kufurahiwa kabisa, filta ambayo ghafla imeanza kushusha maji mbio. Udongo haujiponyi. Ukiona imekuwa haraka bila kusuguliwa kuna ufa mahali ama washa imelegea, na hapo uache kunywa kwanza hadi ujue ni nini.

Kupima ufa, loweka mshumaa kwa maji saa kadhaa hadi uache kutoa viputo. Ukiwa bado umezama, unganisha mpira mfupi safi kwa shina na upulize polepole na mdomo. Udongo uliolowa hauachi pumzi ya mdomo ipite, kwa hivyo mshumaa mzima hautatoa chochote. Ukiona mstari wa viputo vinatoka mahali pamoja, pale kwa kofia ama pale udongo unakutana na plastiki, hapo kuna njia, na hakuna gundi ya kuziba hiyo, tupa. Wengine hupima na rangi ya chakula, lakini hiyo inategemea mkaa, mshumaa usio na mkaa utapitisha rangi hata ukiwa mzima, utatupa kitu kizuri bure.

Kubadilisha, wengi huenda miezi sita hadi mwaka, fuata karatasi ya mtengenezaji. Tarehe ya kuanza andika na maka pen kwa kifuniko, kichwa hakikumbuki. Ladha ya klorini ama harufu ikianza kurudi, mkaa umekwisha hata kama udongo bado unaonekana mzuri.

Filta haimalizi kila kitu

Hapa nataka usome polepole. Virusi ni vidogo kuliko vile vishimo. Ile ya homa ya ini ya A, ile ya rota inayoharisha watoto, zinaweza kupita mshumaa wa udongo. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee ama mtu mgonjwa, na wakati wowote kipindupindu kimetangazwa mjini, kama 2017, usitegemee filta peke yake. Ama uchemshe maji yakishachujwa, ama uweke dawa ya klorini.

Na mpangilio ni huo, chuja kwanza afu dawa. Watu wengi huweka Waterguard kwa ndoo ya juu, na mkaa wa mshumaa unaichukua yote, yakifika chini hayana ulinzi wowote, na pesa ya dawa imeenda na mkaa umechoka haraka. Toa maji yaliyochujwa uweke kwa mtungi safi wenye kifuniko, tia dawa kipimo cha lebo, tikisa, ngoja nusu saa. Maji yaliyochujwa hayana matope ya kula dawa kwa hivyo inafanya kazi vizuri zaidi. Ukichagua kuchemsha, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huku yanachemka kama digrii 94, sio 100, lakini hiyo bado inatosha, yaache yatokote kabisa dakika moja uzime, usimalize gesi.

Kitu ingine ni maji ya chumvi, yale ya kisima cha kuchimbwa yenye fleti nyingi za Embakasi na kwingine zinatumia. Visima vingi vya Nairobi viko na floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano yaliyo chini yetu, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi kwa mchuzi, mshumaa hauioni. Kuchemsha ndio mbaya zaidi, maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale. Ni hiyo inatia watoto madoa ya kahawia kwa meno yanapokua, na yakishatokea hayaondoki na mswaki. Ukiwa na mtoto chini ya miaka minane na ploti yenu ni ya kisima, changa na majirani mpeleke maji maabara yapimwe, ni bora kuliko kubishana na landilodi bila karatasi. Yakipatikana nayo nyingi, vitu vinavyoiondoa ni mkaa wa mifupa ama ile mashine ya RO inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba sana, ama mtenge maji ya kanjo ya kunywa na kupika na hayo ya chumvi yafue nguo.

Wenye wako na RO chini ya sinki

Sitarefusha. Hizo zina chujio la mchanga, za mkaa, afu membreni, ule utando wenyewe. Kabla ya kufungua funga maji, zima stima kama kuna pampu, fungua kile kifereji chake presha itoke. Makopo yanayoshika hayo machujio yanafunguliwa na ile spana ya plastiki iliyokuja nayo. Lile la mchanga, jeupe kama uzi, likiwa kahawia tupa, halioshwi, kwa maji yetu mara nyingi halifiki miezi sita. La mkaa usilichelewesha, kwa sababu membreni nyingi za nyumbani zinaharibiwa na klorini na mkaa ndio unazilinda, ukijinyima hapo utanunua membreni yenye bei yake ni mara nyingi ya hiyo. Osha kopo ndani na sabuni na jiki kama ile ndoo, suuza sana. Ile pete ya mpira ipake grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, sio Vaselini, mafuta ya namna hiyo hula mpira.

Membreni hukaa miaka miwili mitatu hivi. Nunua kile kipimo kidogo cha TDS, pima maji yanayoingia na yanayotoka, andika. Ikiwa yanayoingia ni 500 na yanayotoka yalikuwa 30 na sasa ni 120, membreni imechoka. Hicho kipimo kinahesabu chumvi tu ndani ya maji, bakteria hakizioni, kwa hivyo fundi akikuonyesha namba ndogo asikwambie hiyo ni uthibitisho wa maji salama. Na lile bomba la maji taka lake lielekeze kwa mtungi, hayo ni ya deki na choo, mji huu hatumwagi maji.

Zile jagi za katriji ni za ladha na harufu, zimetengenezewa maji ambayo tayari ni salama. Katriji haisafishwi, unabadilisha kwa tarehe. Usiziweke maji ya mkokoteni ukafikiri umechuja.

Ukienda ushago

Desemba tukifunga nyumba wiki mbili tatu, filta yenye imeachwa na maji ndani ndiyo hujaa utelezi kuliko zote, na maji yamelala kwa mkaa hadi yananuka. Siku ya kuondoka mwaga zote mbili, osha, toa mishumaa uisugue, iache hewani kivulini ikauke kabisa, hata siku mbili, kwa hivyo panga mapema. Ifunge kwa kitambaa safi, mfereji uache wazi, vifuniko vikae upande kidogo hewa ipite. Ukirudi usijaze ukakunywa. Piga jiki ndoo ya chini kama ya kila mwezi, rudisha mishumaa, jaza mara mbili na kumwaga mara mbili, na ya tatu onja kidogo. Ikiwa bado inanukia kama kitambaa kibichi, mkaa umeharibika, nunua mshumaa mpya na uandike tarehe kwa kifuniko.